Tui la Kwanza Lililopita Mferejini

Enzi zetu, sisi watoto wa Igogo hapa Mwanza, nazi ilikuwa mgeni wa treni. Haikuwa kitu cha kukutwa kwenye kila genge kama leo, imepangwa pembeni ya vitunguu kana kwamba imeota Misungwi. Ilitoka pwani, ikalala njiani pamoja na abiria, ikashuka stesheni imejaa vumbi la reli, na aliyeibeba alitembea taratibu mtaani ili watu wote wamwone. Tulimfuata kwa nyuma. Kila jioni tulishikana mikono kwenye duara tukaimba habari za mnazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mnazi wenyewe. Mimi niliamini kabisa kwamba nazi zinachimbwa kama viazi, kwa sababu zilikuwa na vinyweleo kama mizizi.

Kilichonikumbusha haya yote ni binti yangu Neema. Majuzi alisimama jikoni kwetu Kiseke, simu mkononi, akatutangazia mimi na bibi yake kwamba tui la nazi ni zuri kwa afya. Alitangaza kama mtu aliyeligundua yeye.

"Mama, unajua linalainisha nywele? Linang'arisha ngozi? Lina mafuta mazuri kwa moyo!"

Akapitisha kidole kwenye kioo, akasoma kwingine, uso ukabadilika. "Hapa wanasema mafuta yake si mazuri kwa moyo." Akapitisha tena. "Hapa wanasema inategemea."

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua mchele. Ana miaka mingi na meno machache, lakini masikio yake bado ni ya msichana. Alimtazama mjukuu wake, akamwuliza swali moja tu: "Hiyo simu yako inasema tui la ngapi?"

Neema hakuelewa. Mimi nilielewa, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kwa sababu mama yangu, anayejua leo tofauti ya tui la kwanza na la pili kama anavyojua majina ya watoto wake, ndiye aliyewahi kumwaga tui la kwanza la nazi tatu nzima mferejini. Na aliyelimwaga kwa mikono yake ni mimi, kwa amri yake.

Sisi ni watu wa Muleba. Baba alikuja Mwanza kuwa karani bandarini, mama akamfuata na mkungu wa ndizi kichwani, na maisha yetu yote ya Igogo yalipikwa kwenye sufuria la ndizi. Ndizi na maharage, ndizi na dagaa, ndizi na sato, na siku ya sikukuu, ndizi na nyama. Wali ulikuwa wa wagonjwa na wa Krismasi. Nyumba yetu ilikaa juu ya mwamba, kama ilivyo nusu ya nyumba za Mwanza, na chini yetu kidogo ilikuwa nyumba ya Bi Zuhura. Mfereji mmoja wa saruji ulianzia uani kwetu, ukashuka ukipita mbele ya mlango wake wa jikoni, ukaishia bondeni kwa bata wa watu. Maana yake ni kwamba chochote tulichokimwaga sisi, Bi Zuhura alikiona. Alijua tumekula nini, tumefua nguo za nani, na nani ameogeshwa kwa nguvu.

Bi Zuhura alizaliwa Tanga. Mume wake alikuwa fundi viatu mjini, na wote wawili walikuwa wamekaa Mwanza miaka mingi kiasi kwamba Kisukuma walikijua kuliko sisi. Lakini jikoni kwake ilikuwa Tanga bado. Alikuwa na mbuzi ya nazi, kile kigoda cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele, na alikuwa na kifumbu, chujio la kusukwa linalofanana na soksi ya jitu. Ndugu zake walimtumia nazi kwa treni, na zilipofika alizikamua mpaka tone la mwisho. Tui la kwanza, zito, la kumalizia mchuzi. La pili la kuchemshia wali. La tatu la maharage. Machicha yaliyobaki aliwarushia kuku, au akayasugulia sufuria. Makumbi yalisugua miguu yetu, vifuu vikawa upawa au vikaingia jikoni kuwasha moto. Tui jingine alilichemsha taratibu mpaka likatoa mafuta, akayatia kwenye chupa, na chupa hiyo ndiyo ilikuwa hospitali ya mtaa. Mtoto akipasuka visigino kwa vumbi, mafuta ya nazi. Mtoto mchanga akikauka ngozi, mafuta ya nazi. Aliyetoka kuugua homa akiwa hana hamu ya kula, Bi Zuhura alimpelekea uji wa tui, na sijawahi kuona mgonjwa aliyeurudisha. Kama ulimponya au aliona aibu kubaki kitandani baada ya kuumaliza, mimi si daktari.

Nakumbuka tulivyokwenda shule. Wasichana wa wakati huo tulinyolewa vichwa, na asubuhi Bi Zuhura alikaa mlangoni kama askari wa zamu, kila mtoto anayepita anapakwa. Tulisimama mstarini tunang'aa. Mwalimu wa zamu alidai kwamba jua likitupiga mbele ya bendera yeye haoni wachelewaji wanaoingilia upande wa pili. Leo Neema ana makopo saba bafuni, kila moja limeandikwa nazi, na bado analalamika kwamba amekauka.

Basi, mama na Bi Zuhura walikuwa marafiki mpaka siku maganda ya ndizi yalipoziba mfereji. Anayejua kumenya ndizi za watu saba anajua ninasema rundo la namna gani. Mvua ilinyesha, maji yakakosa njia, yakaingia jikoni kwa Bi Zuhura na kuelea na makapu yake. Alitoka nje akasema kwa sauti ya kusikika mpaka relini:

"Hawa watu wa ndizi watanizamisha!"

Mama naye hakuwa mtu wa kuachia jambo. Akajibu akiwa juu ya mwamba: "Afadhali maganda ya ndizi kuliko kunuka mafuta ya nazi mtaa mzima!"

Alisema hivyo akiwa amejipaka mafuta hayohayo. Chupa aliyopewa na Bi Zuhura aliificha chini ya kitanda, na aliendelea kujipaka kwa siri, mlango umefungwa.

Ukimya ulianza hapo. Sisi watoto ndio tulioumia, kwa sababu kuamkia ilikuwa lazima. Nikipita mlangoni nasema, "Shikamoo Bi Zuhura," naye anajibu, "Marahaba mwanangu. Kamwambie mama yako mimi sijamsalimu." Nafika nyumbani namwambia mama, "Bi Zuhura anasema hajakusalimu." Mama anasema, "Nawe ukirudi mwambie sijaitikia." Nilipanda na kushuka ule mwamba nikibeba salamu ambazo hazikutolewa, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Katikati ya ugomvi huo ikaja barua ya shangazi Kemi.

Shangazi Kemi alikuwa dada mkubwa wa baba, na kwa mama alikuwa mtihani. Safari ya mwisho alipokuja, alikula kimya, akanawa, akasema mbele ya wageni: "Kaka yangu amekonda. Mwanamke amekaa mjini miaka yote hii, na chakula cha mjini hakijui." Yeye mwenyewe aliwahi kwenda Dar es Salaam mara moja kwenye harusi, akala wali wa nazi, na tangu siku hiyo alikuwa akiusimulia kama watu wengine wanavyosimulia hija. Maneno yale yalimkaa mama rohoni. Nilimsikia akiyarudia peke yake akiwa anafua, na alikuwa akizipiga zile nguo kwenye jiwe kuliko zilivyostahili. Najua sasa kwamba alikuwa anaogopa. Ukoo mzima kule Muleba ulikuwa ukimsikiliza shangazi Kemi, na kauli ya pili kama ile ingemfanya mama awe yule mke asiyejua kupika mpaka anazikwa.

Kwa hiyo mama alimwambia baba aandike jibu: karibu sana wifi, utakula wali wa nazi na sato wa nazi. Baba aliweka kalamu chini akamtazama. "Unajua kuupika?" Mama akasema, "Nimeishi juu ya Bi Zuhura miaka sita. Nimeona kila kitu." Kweli alikuwa ameona. Ila kutoka juu ya mwamba unaona kichwa cha mtu na moshi, huoni kilichomo kwenye bakuli.

Mwenzake baba wa kazini aliyekwenda Dar es Salaam alirudi na treni na nazi sita. Ilikuwa Jumamosi, meli ya Bukoba inatia nanga asubuhi, baba kaenda bandarini kumpokea dada yake, mama na mimi tumebaki na nazi. Nilikuwa na miaka tisa. Hatukuwa na mbuzi, hatukuwa na kifumbu, na aliyekuwa navyo vyote viwili alikuwa hatua ishirini chini yetu, hatusalimiani.

Nazi ya kwanza mama aliigonga kwa mchi. Ilikataa kupasuka, ikamponyoka, ikateremka mwambani ikiruka jiwe hadi jiwe, ikavuka njia, ikapotelea kwa bata. Hatukuiona tena. Ya pili ilipasuka yenyewe kwa hasira, maji yakamrukia mama usoni. Kufikia ya nne tulikuwa tumeshapata ufundi. Baba alikuwa ametutengenezea kikwaruzo kwa kutoboa debe kwa msumari, na juu ya kikwaruzo hicho tulikuna nazi, kucha na ngozi ya vidole vyetu kwa pamoja.

Hapo sasa ndipo lilipotokea lile ambalo mtu wa pwani hawezi kulifanya hata akiwa usingizini.

Kwetu sisi watu wa bara, maji meupe ya kwanza ni uchafu. Ukiosha mchele, maji meupe unamwaga. Ukiloweka muhogo, maji meupe unamwaga, tena unamwaga mbali, watoto wasiyaguse. Mama alitia maji ya uvuguvugu kwenye zile nazi tulizokuna, akafinyanga kwa mikono miwili, akakamua kwenye kipande cha kanga safi, na beseni likajaa maji meupe, mazito, mazuri. Akayatazama kwa huruma.

"Waitu, jamani, hii nazi ilikuwa chafu kweli," akasema. "Treni hiyo. Koku, kamwage."

Nikabeba beseni kwa mikono yote miwili, nikamwaga mferejini. Lilishuka taratibu. Nakumbuka lilivyokuwa linapita, kama maziwa ya ng'ombe watatu, na mimi nikajisikia mtoto msafi kuliko wote Igogo. Nikarudi. Mama alikuwa anakamua maji ya pili, na bado yalikuwa meupe kidogo, akasema haya nayo tumwage, tuoshe mpaka yatoke safi.

Sauti ikatoka chini.

"Nani anamwaga tui? Jamani! Nani anamwaga tui?"

Bi Zuhura alikuwa amekaa mlangoni anashona ukili wa mkeka, akaona weupe unapita miguuni pake. Aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alidhani ni chokaa. Kisha ikamfikia harufu.

Mama alitoka na beseni la pili mkononi, amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita. Yeye alijua ni ugomvi wa mfereji umerudi. "Mfereji ni wa wote!" akapaza sauti. "Leo sijatupa ganda hata moja! Ni maji tu ya kuoshea nazi!"

"Ya kuoshea nini?"

"Nazi!"

Bi Zuhura alisimama pale chini, kiganja mdomoni, anamtazama mama. Angeweza kucheka. Angeweza kuwaita majirani wote wa Igogo waje kumwona mwanamke anayefua nazi, na kusema kweli alikuwa na haki hiyo, makapu yake yalikuwa bado yanakauka juani. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa habari ya msiba:

"Mama Koku, dada yangu. Hayo unayomwaga ndiyo nazi yenyewe."

Mama alitazama beseni. Akatazama mfereji. Akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kukimbia bondeni na kulirudisha. Kisha akakaa chini juu ya mwamba, akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia mchana. "Wifi yangu yuko njiani," alisema. "Anakuja kunitangaza."

Bi Zuhura aligeuka. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa na mbuzi kwapani, kifumbu begani, na miguu peku. Alipanda ule mwamba bila hodi. "Zimebaki ngapi?" Mbili. "Mungu mkubwa. Na hilo beseni usilitie mkono, hilo ni la pili, wali wetu umo humo. Koku! Kachochee moto. Mama Koku, futa uso, kachume ndimu kwangu."

Alizikuna nazi mbili akiwa amepanda mbuzi, na mikono yake ilikwenda haraka kiasi kwamba kuku wetu walisogea kutazama. Alikamua tui la kwanza bakuli moja tu, akaliweka pembeni kama dawa. Wali ukachemkia kwenye lile la pili lililoponea chupuchupu. Sato akaingia kwenye sufuria na nyanya na vitunguu, na mwishoni kabisa Bi Zuhura akamkabidhi mama upawa. "Lile zito linaingia sasa. Koroga. Usiache kukoroga mpaka litokote, ukiacha litakatika na wifi yako atakula mabonge." Mama alikoroga kama anayepiga kasia. Harufu iliyotoka pale, wenzangu, sijui niisemeje. Mpaka leo nikiisikia tumbo linageuka mtoto.

Ndipo tukasikia sauti ya baba njiani, na ya shangazi Kemi ikilalamika juu ya mawe ya Mwanza.

Mama akakauka. Mgeni anaingia, na jikoni kuna mwanamke mwingine, na vifaa vya mwanamke mwingine. Kuna mtu asingeelewa hapo nani kapika? Mimi nilikuwa mtoto na nililielewa. Bi Zuhura pia alilielewa, tena kabla yetu. Alishuka kwenye mbuzi, akaivuta kwa mguu ikakaa mbele ya mama, akajifuta mikono, akachukua kisu na ndizi mbichi moja kwenye kapu letu, akaanza kuimenya. Aliimenya vibaya sana. Utomvu ulimjaa vidoleni.

Shangazi Kemi alichungulia mlangoni. Akanusa. Macho yakamtoka.

"Karibu wifi yetu," Bi Zuhura akasema, anainamisha kichwa kwa adabu. "Mimi ni jirani wa hapo chini. Nimekuja kujifunza mapishi kwa Mama Koku."

Shangazi alikula sahani tatu. Sahani ya kwanza alikula kimya, ya pili alifumba macho, na ya tatu aliomba ukoko. Aliponawa alisema maneno ambayo mama ameyatunza kama cheti cha ndoa: "Kaka yangu hakuoa vibaya." Kule Muleba habari zilifika kabla hata ya barua. Mimi nilikuwa nimeonywa kwamba nikitamka neno mfereji mbele ya mgeni nitalala na bata, na sikulitamka mpaka alipopanda meli.

Jioni ile mama alichota tui lililobaki, kikombe kimoja cha bati cha rangi ya bluu, akanituma nikipeleke chini. "Mwambie nimemsalimu," akasema. Ndiyo salamu rahisi kuliko zote nilizowahi kubeba kwenye ule mwamba. Kikombe hakikurudi kitupu, kilirudi na kashata. Mama naye, msimu wa senene ulipofika, akakijaza senene wa kukaanga akakishusha. Tulimsikia Bi Zuhura akipiga kelele kwamba tumempelekea wadudu. Baada ya wiki alituma kikombe, akauliza kama wale wadudu wamebaki.

Kikombe hicho kilipanda na kushuka miaka mingi. Nilikiacha kikipanda na kushuka nilipokwenda sekondari, nikakikuta kikipanda na kushuka niliporudi. Mume wa Bi Zuhura alipofariki, watoto wakamchukua kumrudisha Tanga. Alimwachia mama ile mbuzi. Alisema kule Tanga mbuzi ziko nyingi, ila Muleba hazitoshi. Naye sasa ni marehemu. Mama alipopata habari hakulia mbele yetu. Alikaa juu ya mbuzi siku nzima, bila nazi.

Sasa turudi Kiseke, kwa binti yangu na boksi lake. Maana baada ya kutusomea faida zote, Neema alikwenda dukani akaleta tui la boksi. Akalikata kwa mkasi, akamimina. Mama alilisogelea.

"Hili ni la kwanza au la pili?"

"Bibi, hili ni la kiwandani."

"Nimesikia. La kiwandani la ngapi?"

Neema aligeuza boksi pande zote sita, akasoma mpaka namba za chini. Halikusema. Mama akasema basi waliolikamua hawajui, au wanajua na wanaona haya.

Vijana wa leo nawapenda, lakini wamepungukiwa na kitu. Mjukuu wa shangazi Kemi alitutembelea mwezi uliopita, akaja na basi kutoka Bukoba, akapita juu ya daraja la Busisi. Sisi pale tulisubiri pantoni mpaka tukajuana na watu na kugawana miwa na watu. Nikamwuliza ziwa limekaaje siku hizi. Akasema hakuliona, simu ilikuwa na chaji. Nikampa wali wa nazi, akaupiga picha kwanza, wali ukapoa. Na mimi mwenyewe sina cha kujisifu. Kiseke nimejenga ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na mfereji wangu unapita chini ya ardhi ndani ya bomba, hakuna jirani anayejua nimekula nini. Nina jirani wa upande wa kulia, anaitwa Mama Junior. Jina hilo nililijua kwa kumsikia akiitwa. Geti lake na langu yamepakana, na kwa miaka minne tumepigiana honi tu.

Mama ndiye anayeumia na ukuta huu. Daktari alimwambia apunguze tui kwa ajili ya presha, akapunguza, sasa anakula Jumapili tu. Lakini hakuna aliyemwandikia dawa ya kukaa mchana kutwa bila mtu wa kumpigia kelele. Jumapili iliyopita alikuna nazi mwenyewe, amepanda mbuzi ya Bi Zuhura, akakamua lile zito, akajaza kikombe cha bluu ambacho sasa kimebanduka rangi nusu. Akamwita Neema.

"Peleka kwa jirani. Mwambie nimemsalimu."

"Bibi, nimtumie meseji kwanza?"

"Meseji inabeba kikombe?"

Neema alikwenda, akarudi mikono mitupu. Siku ya kwanza kikombe hakikurudi. Siku ya pili mama aliuliza asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu hakuuliza, na hilo lilinitia huzuni kuliko maswali yote. Niliona amegeuza kiti chake, ameacha dirisha, anautazama ukuta. Nikajilaumu kwa nini nilimwacha apeleke.

Siku ya nne geti liligongwa. Alikuwa dada wa kazi wa Mama Junior, kashika kikombe cha bluu. Kimeoshwa vizuri. Kitupu.

Mama alikipokea, akakiinamisha kutazama ndani.

"Mama Junior anasema asante sana bibi," yule dada akasema. "Alipaka nywele zote, akafunga na mfuko. Anasema zimelainika, na anaomba kama bado yapo, apake na usoni."

Nilimtazama mama kwa woga. Midomo ilimtetemeka, mabega yakaanza kutikisika, na nilikuwa nimeshainuka kumshika ndipo nikagundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka Neema akakimbia kutoka chumbani bila simu.

"Mimi nilimwaga mferejini," akasema alipopata pumzi. "Yeye kamwaga kichwani. Huyu ana nafuu, huyu anafundishika."

Akajifunga kanga kiunoni, kama siku ile juu ya mwamba. Akaomba nazi mbili, akampa Neema kifumbu, mwenyewe akaiweka mbuzi kwapani na kukataa kabisa kusaidiwa kuibeba. Nikawafuata kwa nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye geti la chuma ambalo nimelipigia honi miaka minne. Kulikuwa na kengele ukutani. Mama hakuitazama. Akagonga chuma kwa kiganja, akaita hodi kwa sauti ya Igogo, na sauti kutoka ndani ikauliza ni nani na anataka nini.

"Jirani," mama akajibu. "Mwambie Mama Junior nimekuja kujifunza mapishi."